Refa na Mechi Iliyozidi Adabu

Wakati wa lokdauni mtaa wetu wa Fairfield, hapa Sydney, ulikuwa na walinzi wa aina mbili: polisi wa serikali, na Refa. Polisi uliweza kuelewana nao. Ukisema unakwenda duka la dawa, walitazama kitambulisho wakakuacha upite. Refa hakutaka kitambulisho. Alikaa barazani kwake kwenye kiti cha plastiki, kikombe cha kahawa nyeusi kama lami mkononi, kipenga shingoni, kadi kwenye mfuko wa shati, na yeyote aliyemsogelea mwenzake kuliko ilivyoruhusiwa alipulizwa kipenga.

Mtu wa posta alipata kadi ya njano kwa kushusha barakoa ili apumue. Mbwa wa jirani wa mbele alipata ya kwake kwa kumnusa mtu wa posta. Mke wangu, Mama Rehema, alipata mbili asubuhi moja: ya kwanza kwa kuzungumza juu ya uzio bila barakoa, ya pili kwa kumcheka mwamuzi. Njano mbili ni nyekundu. Refa akasimama wima, akanyoosha mkono kuelekea mlango wetu, na Mama Rehema akajikuta anatii.

"Baba Rehema," aliniambia jikoni, "huyu Mtaliano amenifukuza uani kwangu, akaniingiza nyumbani kwangu. Hiyo ni adhabu gani?"

Kesho yake alitundika kanga kwenye uzio, maandishi yakimtazama Refa: HUKUMU NI YAKO, NYUMBA NI YANGU. Refa aliniuliza imeandikwa nini. Nikamwambia imeandikwa, "Karibu jirani." Alifurahi mno. Akasimama mbele ya ile kanga akajipiga picha, akamtumia binti yake aliyeko Perth. Hilo lilikuwa kosa langu, na si kubwa kuliko yote katika habari hii.

Jina lake nalijua, ila hakuna aliyelitumia. Hata dada wa duka la dawa alimwita Refa. Alikotoka huko Italia sikupaulizia sana. Nilijua ni kusini, mji mdogo wenye kanisa moja, kiwanja kimoja, na kinyongo cha kutosha kila nyumba. Huko ndiko alikoanza kuchezesha mpira, ligi za chini kabisa, zile ambazo mshika kibendera ni mjomba wa golikipa.

Kisa alichopenda kukisimulia ni cha padri. Padri wa mji alikuwa shabiki mkubwa, na Jumapili moja Refa aliwapa wageni penalti dakika za mwisho. Padri akiwa jukwaani, kanzu na yote, alimwita Refa majina ambayo hayamo katika kitabu chochote cha dini. Jumamosi iliyofuata Refa akaenda kuungama. Akapiga magoti, akataja dhambi zake ndogo ndogo. Halafu sauti ya padri ikasema kutoka upande wa pili wa kidirisha, "Na ile penalti?"

"Ile haikuwa dhambi, padri. Beki aliushika kwa mkono."

"Je, unaijutia?"

"Siijutii."

"Basi sina la kukufanyia."

Refa akatoka bila kuondolewa dhambi. Alisema alikaa hivyo mpaka alipopanda meli kuja Australia, na hapa Sydney padri wa kwanza aliyempata alikuwa mtu wa mchezo wa raga, ambaye hakujua kabisa penalti ya mpira wa miguu ni kitu gani. "Alinisamehe haraka," aliniambia, "lakini hakuelewa alichokisamehe. Sijui kama inahesabika."

Mchana alimwaga zege na kaka yake, na Jumapili alichezesha. Alichezesha Waitaliano na Wagiriki, Wakroatia na Waserbia, Wavietnamu, Waashuri, na kila watu waliofika Fairfield wakitafuta pa kuanzia maisha. Alisema anaweza kukueleza historia ya vita vya dunia kwa kufuata timu zilizosajiliwa. Mwisho tukafika sisi: wazee wa Kitanzania kwa upande mmoja, Wakongo kwa upande mwingine. Mimi niliacha kucheza goti liliponiacha, nikawa kocha.

Aliniita Mista. Kwa miaka nilidhani ni heshima, nikawa nakaza kifua kila anaponiita. Baadaye ndipo nilipojua kwamba kwao kila kocha huitwa hivyo, hata anayefungwa kila wiki.

Uwanjani hakuwa mtu mrefu, lakini miguu yake ilikuwa na mamlaka. Kaptula yake nyeusi ilipigwa pasi ikawa na mkunjo wa kukatia mkate. Soksi zilipanda mpaka magotini na hazikushuka hata kwenye mvua. Alikimbia kwa hatua fupi fupi za haraka, kama mtu anayewahi choo bila kutaka kuonekana hivyo. Alikuwa na misemo yake. Mchezaji akijirusha na kulia, Refa alimpita akisema, "Aliyeumia kweli hana pumzi ya kupiga kelele." Mtu akidai hakuotea, alijibiwa, "Kuotea si maoni." Na mimi niliposimama kwenye mstari nikilalamika aliniambia, "Mista ana macho mawili na yote yanachezea timu moja."

Kilichomshangaza kwetu ni maamkizi. Wachezaji wetu wa Tanga na Unguja walimpangia foleni kabla ya mechi: shikamoo Refa, shikamoo Refa. Akafundishwa kuitikia marahaba, akaitikia kwa sauti ya askofu. Robo saa haijafika, walewale wakamwita kipofu na mwizi. Mara ya kwanza alinifuata pembeni kabisa.

"Mista, watu wako wagonjwa? Wamenisalimu kama baba, sasa wananitukana."

"Ndivyo tulivyo, Refa. Salamu ni ya umri wako, matusi ni ya kazi yako."

Alilifikiria hilo, kisha akaitikia kwa kichwa, ameridhika. "Ni utaratibu mzuri. Kwetu wanaanzia kwa mama yako moja kwa moja."

Mtu huyu wa sheria, nje ya kiwanja alikuwa mhalifu. Alizunguka mzunguko wa barabara kwa upande uliompendeza. Dukani alipenya foleni akijifanya kiziwi. Na karata! Tulipozuiwa kutembeleana tuliweka kreti kwenye tundu la uzio, tukacheza karata kupitia hapo, barakoa usoni, kila mmoja kwenye ua wake. Siku moja nikamwona anachomoa karata kwenye soksi.

"Refa! Wewe! Mtu wa sheria!"

"Mista, hapa mimi ni mchezaji. Kazi ya kunikamata ni ya refa." Akatazama kulia, akatazama kushoto. "Unamwona refa?"

Nilikasirika, nikaacha kucheza naye wiki nzima, na wakati ule wiki nzima bila mtu wa kucheza naye ilikuwa ndefu kama kwaresima. Nilimuumiza yeye, nikajiumiza mimi, kwa sababu ya karata moja. Nilipiga hodi kwenye uzio mwenyewe, na nilikuta kreti lipo palepale na karata zimeshachanganywa.

Tulipofunguliwa ile mara ya kwanza, mwaka wa kwanza wa korona, wakubwa wa ligi waliagiza marefa wasipulize vipenga kwa mdomo, maana mate yanaruka. Walipewa kidude cha kubonyeza. Refa alikishika kwa vidole viwili kama kitu kilichookotwa chooni. Kidude kile kililia kama lori linalorudi nyuma. Alipokibonyeza mara ya kwanza, mabeki wote wawili waligeuka kutafuta lori, fowadi wa Wakongo akapita katikati yao akafunga. Ikabidi Refa alikatae goli alilolisaidia mwenyewe. Papa Josué, nahodha wa Wakongo, aliyemwita Refa kwa Kifaransa, alilia siku ile machozi ya kweli.

"Arbitre, juu ya nini? Juu ya nini? Ni wewe ulipiga!"

"Nilipiga kwa faulo, na faulo mlicheza ninyi. Goli hakuna."

"Basi lori njo ilitufunga!"

Tulikuja kufungiwa tena, na mara hii magharibi yote ya Sydney tulibanwa hasa, helikopta juu na askari mlangoni. Ndipo Refa alipoanza kuchezesha mtaa, kama nilivyoeleza. Nilimcheka wakati ule. Sasa naona alikuwa mtu anayetafuta kazi.

Kwa maana kulikuwa na jambo. Binti yake alikuwa ameamua kwamba mipaka ya majimbo ikifunguliwa atakuja kumchukua akaishi naye Perth. Magoti ya Refa yalikuwa yamekwisha, jicho la kushoto limeanza kuingia ukungu, na mara mbili alisahau kahawa jikoni ikaunguza sufuria. Refa hakubisha. Alinieleza habari hiyo kupitia tundu la uzio, akitazama karata zake.

"Nitakwenda. Ana haki. Lakini sitaki kuondoka hapa kama mzee anayebebwa, Mista. Nataka mechi moja zaidi. Mechi ya kweli. Nichezeshe mpaka mwisho, halafu wanitie kwenye sanduku wanipeleke Perth."

"Utaipata, Refa."

"Ya kweli."

"Ya kweli."

Nilisema neno hilo bila kulisikiliza.

Perth ilichelewa kufungua mipaka kuliko kwingine, na Refa akawa anafuatilia habari za mipaka kama watu wanavyofuatilia mwandamo wa mwezi. Hatimaye binti akaja: mwanamke mpole wa makamo, mwenye wasiwasi, anayemshika baba yake kiwiko hata anapopanda ngazi moja. Tukapanga mechi Jumapili ya mwisho kabla hawajaondoka. Siku chache kabla yake nikakutana na Papa Josué tukanywa chai, na hapo ndipo nilipofanya kosa lenyewe.

Nilimwambia, "Papa Josué, yule mzee anaondoka. Binti yake atakuwepo. Tusimwaibishe mbele ya mtoto wake. Siku hiyo hakuna kumbishia."

"Hata akikosea?"

"Hata akikosea. Mzee haagwi kwa kelele."

Papa Josué alitafakari, maana kwake kutobisha ni kama kutopumua. Mwisho akasema, "Njo vile, Papa. Mzee ni mzee. Nitaambia watu yangu."

Na mimi nikawaambia wangu. Wote wakakubali kwa moyo mmoja. Ndiyo malezi yetu, si ya kulaumu. Tulifikiri tunampa zawadi.

Siku ikafika. Refa alitoka na kaptula yake yenye mkunjo, soksi juu. Akapuliza. Dakika ya kwanza tu beki wetu alimkwatua mtu, Refa akaja mbio, na beki akainama: "Samahani Refa, ni kosa langu." Refa akasita, kadi nusu mfukoni. Baadaye akawapa Wakongo mpira wa kurusha ambao hata binti yake, asiyejua mpira, aliona ni wetu. Wetu wakasema, "Asante Refa." Halafu mlinzi wetu akaushika mpira kwa mkono ndani ya eneo la hatari, jambo ambalo hata helikopta ingeliona. Refa, kwa lile jicho la ukungu, akapeta mkono: endeleeni. Nilimtazama Papa Josué. Mishipa ya shingo ilimsimama kama kamba. Akafumba macho, akasema, "Merci, arbitre."

Mpaka mapumziko Refa alikuwa amepooza. Alitembea mpaka kwenye benchi letu polepole.

"Mista. Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, Refa."

"Mbona wananishukuru?"

"Wanakuheshimu."

"Nimekosea ile penalti. Nimejua kwa sababu Papa Josué alifumba macho. Nimekosea, na amenishukuru." Akanitazama kwa lile jicho zima. "Umewaambia nini?"

"Sijawaambia kitu," nikasema. Mtu mzima mimi, na mvi zangu.

Refa alikwenda kusimama peke yake katikati ya kiwanja, mikono nyuma, kama mtu anayengoja basi asilo na hakika nalo. Binti yake alinisogelea akasema, kwa Kiingereza chake cha upole, kwamba tuna roho nzuri sana sote. Nikaona aibu, lakini nikaona pia nimechelewa. Unaanzaje kuwaambia wazee ishirini na ushee waache adabu?

Kipindi cha pili kilikuwa kama ibada. Bila kwa bila. Watu walipitisha pasi na pole. Dakika zikawa zinakwisha. Kisha fowadi wetu, fundi bomba ambaye tumbo lake huingia kwenye boksi kabla yake, akaupata mpira akaupiga kwa nguvu zake zote zilizobaki. Ulikuwa unakwenda nje, nje kabisa, kwenye bustani za watu. Refa alikuwa anarudi nyuma kuupisha. Hakuupisha. Ulimgonga makalioni, ukabadili njia, ukampita golikipa wa Wakongo aliyekuwa tayari ameinama kufunga kamba ya kiatu, ukaingia wavuni taratibu.

Kiwanja kizima kikapiga makofi, Watanzania na Wakongo pamoja. Golikipa mwenyewe alipiga makofi. Maisha yote kwenye viwanja, na leo ndiyo mara ya kwanza amefunga! Papa Josué akapaza sauti, "Goli ya arbitre! Tunaikubali! Ni zawadi yake!" Binti akarukaruka akirekodi kwa simu.

Refa akapuliza kipenga. Akaufuata mpira mpaka wavuni, akauokota, akaufuta majani, akaja akaudondosha miguuni pa golikipa.

"Si goli. Sheria imebadilishwa. Mpira ukimgonga refa ukaingia, unaanza upya kwa golikipa."

Alisema kweli. Zamani ulihesabiwa kama umegonga upepo, lakini walikuwa wameigeuza sheria hiyo muda mfupi kabla ya korona. Alikuwa mtu pekee pale kiwanjani aliyeijua, na alikuwa mtu pekee aliyetaka itumike.

"Sawa, Refa," wakasema wachezaji wangu. "Asante, Refa."

Sasa nataka nieleze hapa kwa ukweli, kwa sababu watu walikuja kunisifu kwamba nilifanya kwa hekima, nikijua anachokihitaji. Sikujua kitu. Nilichojua ni kwamba tulikuwa hatujawahi kuwafunga Wakongo wale, hata mara moja, kwamba ilikuwa sare tasa, na kwamba mpira ulikuwa umelala wavuni kwa macho yangu mawili yanayochezea timu moja. Damu ikanipanda. Nikavuka mstari nikakimbia, goti na yote.

"Goli! Refa, hilo ni goli! Mpira umeingia!"

"Rudi kwenye mstari, Mista."

"Mwizi wewe! Wizi gani huu wa mchana? Unaliiba goli la makalio yako mwenyewe!"

Watu walishika midomo. Fundi bomba alinivuta shati: "Mzee, tulikubaliana!" Nikamsukuma.

Refa akanisogelea mpaka nikauona ukungu kwenye jicho lake. "Umesema nini?"

Nilikuwa na nafasi ya kutubu. "Nimesema mwizi. Na kipofu. Ile penalti ya Wakongo ilikuwa penalti, hata mtoto aliiona!"

"Ee!" akapiga ukelele Papa Josué, na kitu kikakatika ndani yake. "Hata Mista anakubali! Arbitre, ile penalti uliikatala juu ya nini? Na ile kona? Na ile lori? Mimi sijasahau ile lori!"

Basi wakaja wote. Wetu, wao, wa akiba, mshika kibendera, golikipa na kiatu chake mkononi. Kila alichokimeza mtu tangu asubuhi kilitoka, na vingine vya miaka mitatu nyuma. Walimzunguka wakimpigia kelele kwa Kiswahili cha Tanga, cha Bukavu, kwa Kifaransa, kwa Kiingereza cha kiwandani, na mmoja aliyewahi kufanya kazi kwa Mtaliano alimtukana kwa Kiitaliano. Katikati yao Refa alisimama wima, kifua mbele, na uso wake ulikuwa umerudi mahali pake. Alipuliza mpaka mashavu yakawa mekundu. Njano kwa Papa Josué. Njano kwa fundi bomba. Kisha akanigeukia, akainua mkono juu kabisa, kadi nyekundu, na akaushikilia pale juu muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Nikatoka nje ya uzio wa kiwanja. Binti akanijia machozi yakimlengalenga. "Kwa nini wanamfokea? Si mlisema mtamheshimu?"

Nilikuwa bado nahema kwa hasira. Nikamwonyesha tu kwa kidole. Refa alikuwa anakimbia kuwahi mpira kwa zile hatua zake fupi, watu kumi nyuma yake wakimlaani, na ulikuwa hujui kama ana magoti mabovu.

Mechi iliisha sare. Kesho yake asubuhi nilikwenda kwenye uzio wetu, nikamkuta anafungafunga. Nikamwambia kwamba mimi ndiye niliyewakataza watu wasibishe, na kwamba alipouliza nilimdanganya. Matusi sikuyaombea radhi, na yeye hakuyataja.

"Nilijua," akasema. "Ulifanya kwa wema. Usifanye tena." Kisha akanyoosha vidole viwili. "Umefungiwa mechi mbili."

"Refa, wewe unakwenda Perth. Nani atanihesabia?"

"Mechi mbili, Mista," akasema, na binti yake akaja akamshika kiwiko, wakaingia garini.

Jumapili iliyofuata Papa Josué alinikuta nimekaa nje ya uzio wa kiwanja, kwenye kiti cha kukunja. Timu zilikuwa zinapasha misuli moto.

"Papa, ingia! Unafanya nini huko? Arbitre yako iko Perth!"

"Nimefungiwa," nikamwambia.

Alinicheka, akawaita wenzake waje wanione, wakanicheka wote kwa zamu. Tulifungwa siku ile, na tukafungwa Jumapili iliyofuata. Mara zote mbili nilikaa palepale nje mpaka kipenga cha mwisho, na sikumwambia mchezaji wangu yeyote neno hata moja.